Mtani Wangu Alinionya Kuhusu Kompaila, Nikadhani Ananitania

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana kijiji chetu ni kidogo na ukurasa huu wanausoma. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, Mnyamwezi, nafanya kazi kwenye ushirika wa wafuga nyuki huku upande wa Kigwa. Ghala letu ni lile lile la enzi za Ujamaa, ila siku hizi mzani wa asali unaendeshwa na kompyuta.

Kompyuta hiyo aliiandaa mwenzangu, Mzaramo. Mzani ni wa zamani, kwa hiyo alijenga mwenyewe kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na programu ya kuendesha mzani, vyote kwa toleo la zamani la kompaila, ile programu inayogeuza maagizo anayoandika mtu yawe lugha ya mashine. Akaniambia, "We Mnyamwezi, hiyo kompaila usiibadilishe. Ukiigusa nakuzika mwenyewe, na ubwabwa wa msiba nakula peke yangu." Nikacheka. Sisi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na huyu hajawahi kuniambia neno bila kunizika kwanza.

Alipokwenda kwao likizo, nikataka na mimi nionekane najua. Nikaweka kompaila mpya, nikaijenga upya kerneli. Ilikubali vizuri tu. Kumbe kerneli mpya haielewani na programu ya mzani, kwa sababu ile ilijengwa kwa toleo la zamani. Asubuhi yake warina asali wakafika na ndoo zao kutoka porini, mzani umekufa. Mwenyekiti akafoka kwamba Mzaramo ametuachia kitu kibovu. Nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza.

Baadaye nikarudisha kompaila ya zamani, nikajenga upya, mzani ukafanya kazi. Wakanipigia makofi, jamani. Mwenzangu akaambiwa asirudi, na kazi yake nikapewa mimi. Naona aibu hata kukaa kwenye kiti chake.

Juzi akanipigia. Nikajiandaa kutukanwa kiutani kama kawaida yake. Akasema taratibu, "Habari za kazi, dada. Naomba unisaidie, hivi mimi nilikosea wapi?"

Hajawahi kuniita dada. Nikamjibu kwamba sijui, nikakata simu, nikalia.

Nikisema ukweli nafukuzwa, na mwanangu ndiyo kwanza ameanza shule. Nikinyamaza, mtoto wa watu anabaki na jina baya ambalo ni langu. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila leo naomba msinitanie.