Samadi ya Migomba ya Baba

Baba tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, karibu na zizi. Kwetu Old Moshi ndivyo tunavyozikana. Mtu habebwi mbali na ardhi iliyomlisha. Tangu siku ile mama alijitwika kazi mbili na hakutaka mtu amsaidie. Ya kwanza ilikuwa kulinda moto wa mafiga jikoni usizimike, kwa sababu baba ndiye aliyeuwasha walipohamia hapa wakiwa vijana. Kila jioni aliyafukia makaa majivuni, na asubuhi akayafukua na kuyapuliza. Ya pili ilikuwa kupeleka samadi ya ng'ombe kwenye migomba ya kaburini.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho hubaki nyumbani kwa wazazi, nami nikabaki. Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nikimsikia mama akikohoa alfajiri, akiinama juu ya yale makaa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia refu. Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari akamsikiliza kifuani na mgongoni, akaniambia mbele yake kwamba dawa atampa, lakini dawa na moshi haviwezi kukaa chumba kimoja.

"Nimezaliwa kwenye moshi," mama alimjibu. "Na mama yangu pia."

Nilikuwa nimezika mmoja, na sikuwa tayari kuzika mwingine.

Baadaye kidogo lilitolewa tangazo kanisani kwamba wenye ng'ombe wa kufungia wanaweza kujengewa mtambo wa biogesi, shimo la kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na samadi. Fundi alitokea Mkuu, kule Rombo. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu, kisha akaanza kupima ardhi nyuma ya zizi.

"Umetoka Rombo kuja kunifundisha kupika?" mama alimuuliza.

"Hapana, bibi. Rombo nako tunakula, lakini nimekuja kuchimba tu."

"Basi usichimbe. Mavi ya ng'ombe ni ya migomba. Mkishayanyonya nguvu, mume wangu atafunikwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani anaogopa kitu kigeni, kumbe anaogopa migomba ya baba itakufa njaa. Fundi akamweleza kwamba gesi hutoka lakini mbolea hubaki, na tope linalotoka upande wa pili wa shimo ndilo linalomwagwa shambani. Mama alisema hayo ni maneno. Mwisho alikubali kwa sharti moja: mgomba mmoja wa kaburini ukinyauka, shimo lifukiwe.

Shimo likachimbwa, likajengewa, likalishwa. Tukangoja. Jiko halikuwaka. Fundi akarudi, akachungulia bomba la kuingizia.

"Nani analisha huu mtambo?"

"Mimi," mama alisema. "Nimeanza kulisha ng'ombe kabla mama yako hajaolewa."

Alikuwa ametia samadi kama alivyoitia maisha yake yote. Kwetu ng'ombe hulazwa juu ya majani makavu ya mgomba, na mkulima mzuri hupeleka shambani vyote pamoja, samadi na majani yake. Yale majani yalikuwa yameziba bomba.

"Bibi," fundi alisema akivuta majani kwa kijiti, "huyu wa shimoni hana meno. Mpe uji."

Mama akageuza uso, lakini niliona anazuia kucheka. Kuanzia hapo akawa anachambua majani kwa mkono na kukoroga samadi na maji ndani ya ndoo, taratibu, kama anayemkorogea mtoto.

Siku jiko lilipowaka ilikuwa saa za chai ya asubuhi. Fundi alifungua koki, akawasha kiberiti, na ukatokea mviringo wa moto wa bluu, mwembamba, ukitetemeka kidogo. Haukuwa na moshi hata uzi mmoja. Nimesoma hadi darasa la saba na sikuwahi kuyajua mambo ya gesi, lakini niliinama kuutazama kwa karibu. Kumbe miaka yote hiyo moto ulikuwa umelala chini ya miguu ya ng'ombe wetu, nasi tulikuwa tukienda mbali kutafuta kuni.

Mama alisogeza mkono karibu. "Mbona haunuki mavi?"

"Ulitaka chai inuke, bibi?"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Tulipokuwa tunakunywa, mawingu yalifunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikaonekana. Fundi akasema gesi hii, ikiachwa ipande angani, huongeza joto la dunia nzima, na kila mti usiokatwa kwa ajili ya kuni nao unasaidia. Mama alitazama mlima kwa muda mrefu. Alisema kwamba alipokuwa msichana ule weupe ulikuwa ukishuka chini zaidi. Sijui kama jiko letu litarudisha theluji hata ya kujaza kikombe. Lakini niliutazama mlima, kisha nikalitazama zizi, na nikaona aibu na furaha pamoja kwamba vitu hivyo viwili vinajuana.

Hata hivyo mama hakuzima mafiga. Chai aliipika kwa gesi, chakula kwa kuni, akidai kiburu kisichopigwa na moshi ni ndizi na maharage tu. Kikohozi kiliendelea. Sikumsukuma. Kila siku alibeba ndoo ya tope hadi kaburini, akamwaga, akakagua majani.

Mvua za masika zilipopita, mgomba wa kichwani pa baba ulitoa jani jipya, limejiviringa, la kijani kizito. Mama alilishika kwa vidole viwili. Siku iliyofuata nilimwona amebeba jani la sale. Mmea huu tunaupanda mipakani na makaburini; kwetu aliyekosa hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea, na anayeletewa hawezi kumnyima msamaha. Alilifunga fundo, akaliweka juu ya kaburi, akazungumza kwa Kichagga kwa sauti ya chini. Sikusogea kusikiliza.

Jioni ile hakuyafukia makaa ya moto ule wa baba. Aliyaacha wazi yapoe. Asubuhi akakusanya majivu yote kwenye karai na kuyapeleka kwenye shina la ule mgomba.

Kikohozi hakijaisha, siwezi kusema uongo. Kimepungua. Alfajiri sasa nasikia ndoo, maji, na mama akikoroga.