Kumbikumbi Hawana Masikio

Mimi ni mtu wa kuwatumia watu vitu kwenye simu. Nikiamka, hata kabla sijapiga mswaki, nimeshapita kwenye kurasa zangu za sayansi, za teknolojia na za michezo ya simu, na nikikuta jambo la ajabu siwezi kulimeza peke yangu. Pweza ana mioyo mitatu. Kuna roboti huko mbali iliyofundishwa kukunja nguo, na kwa muda inaotumia kukunja shati moja, mama yangu angekuwa ameanua, amepiga pasi na kuanza kulalamika. Yote hayo nayaangusha kwenye kundi la familia, nikae nisubiri watu washangae.

Hawashangai. Dada yangu huweka kidole gumba. Mume wake, mtu wa kule Mayoni, mpole kupita kiasi, huandika "Mashallah" kwa kila kitu, hata siku niliyotuma habari ya vijidudu wanaoishi kwenye sifongo ya kuoshea vyombo. Mama hajibu kabisa, ingawa sifongo ile aliitupa. Na Baba hujibu neno moja: "Nimeona."

Neno hilo lilikuwa likinikera kuliko kimya cha Mama. Ugonjwa huu wa kuchokora mambo nimeutoa kwa nani kama si kwake? Baba alikuwa fundi wa redio sokoni Shinyalu. Nilipokuwa mdogo alikamata kidole changu akakiweka juu ya spika iliyovuliwa kifuniko, wimbo ukanitekenya hadi kwenye kiwiko. "Sauti ni kutetemeka tu, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Sasa masikio yake yameisha. Alipewa vifaa vya kusikilizia, akavivaa wiki chache, akavirudisha kwenye boksi akisema vinampigia kelele kama redio iliyokosa stesheni. Kumpigia simu ni kazi bure. Kwa hiyo vitu nilivyomtumia ndivyo vilivyokuwa mazungumzo yetu, na sikujua kama upande ule mwingine kulikuwa na mtu anayesoma.

Kwetu mvua ikishakolea, kumbikumbi huitwa kwa ngoma. Watu hufunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, wakaacha mdomo mmoja wenye chombo cha kuwakinga. Kisha mtu hupiga vijiti juu ya gogo lililolazwa chini, mfululizo bila kuchoka, mpaka walio ndani wadhani ni mvua. Mpigaji wetu alikuwa Baba. Majirani walikuwa wakija kumwazima kama vile watu wanavyoazima ngazi.

Msimu uliopita mdundo ulimponyoka. Alikuwa akiharakisha, akipunguza, akiruka, na yeye hajui. Watoto wa dada yangu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Baba aliona midomo yao, akaweka vijiti chini, akaingia ndani. Baadaye alimwambia Mama kazi hiyo ni ya vijana, yeye atawafukuzia watu kitoweo. Iliniuma sana. Niliogopa kwamba mtu huanza hivyo, anaacha jambo moja, kisha la pili, mwishowe anabaki wa kuketi sebuleni akitazama midomo ya wenzake.

Basi asubuhi moja, katika kuchokora kwangu, nikasoma kwamba kumbikumbi hawana masikio. Wanahisi mtetemo wa ardhi kwa miguu, na askari wao wakiona hatari hugonga vichwa chini ili wenzao wapate habari. Habari hiyo sikuitupa kundini, nilimtumia Baba peke yake. Nikamtumia na mchezo mmoja wa bure niliokuwa nimeugundua: vitone vinashuka kwenye kioo, unavigonga kwa mdundo, na ukipenda unazima sauti kabisa, simu ikutetemekee mkononi. Nikaandika, "Baba, hii ni kama ile spika."

Akajibu, "Nimeona."

Niliirusha simu kitandani. Kusema kweli nilimkasirikia, mzee wa watu.

Mvua ziliporudi, Mama akanipigia. "Njoo uangalie simu ya baba yako. Inakufanga! Asubuhi imejaa chaji, saa nne imekwisha. Na yeye anashindanga huko nyuma ya zizi la ng'ombe peke yake, sijui anafanyanga nini." Nikajua ni betri imezeeka. Jumamosi nikachukua pikipiki kutoka mjini Kakamega, nikapanda Shinyalu.

Nilikuta kichuguu cha nyuma ya jikoni kimeshafunikwa. Watoto wa dada yangu walikuwa wamelizunguka gogo, kila mmoja na mdundo wake, na kumbikumbi hata wa dawa hakuna. Mama alikuwa akiwagombeza. "Mnapiga kama watu wanapasua kuni! Hiyo ni mvua gani?"

Ndipo Baba akatoka. Alivua gambuti, akavua na soksi, akaketi kwenye kigoda na kukandamiza nyayo zake kwenye udongo kando ya gogo. Akanyoosha mkono, akapewa vijiti. Mtoto mmoja akanitazama akitaka kucheka, nikamtolea macho.

Alianza taratibu, kama manyunyu. Kisha akaongeza, na mdundo ukashika, ukakaa palepale bila kuyumba. Hakumtazama mtu. Bawa moja likachungulia kwenye mdomo wa kichuguu, likafuatwa na mengine, kisha wakamwagika hadi Mama akaitisha ndoo kwa sababu sufuria haikutosha. Watoto walikuwa wakitafuna wabichi huku wakishangilia.

Nikachuchumaa mbele yake aone midomo yangu. "Baba, mdundo umeupataje?"

Akaonyesha miguu yake, kisha akatoa simu mfukoni akanipa. Ulikuwa ule mchezo, na alikuwa amefika hatua ambazo mimi sijawahi hata kuziona.

"Hawa wadudu hawana masikio, mama," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, "na ni wewe uliniambia. Sasa mimi nilikuwa nalilia nini?"

Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jikoni. Betri haikuwa na tatizo lolote.

Jioni, nikiwa nimerudi mjini, simu ikalia. Baba alikuwa ametuma picha kwenye kundi la familia, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya: sahani ya kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi kando ya obusuma, ugali wetu, na kidole chake kimeziba pembe moja. Chini yake ameandika, "Umeona?"

Shemeji alikuwa ameshaweka "Mashallah" yake. Mimi nikaanza kuandika maneno mengi, nikayafuta yote, nikajibu, "Nimeona."