Mbao Zilizolala Stoo

Nilitoka shule mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikawa nanyoosha misumari iliyopinda ili nile. Ndiyo maana kwenye ujenzi wangu hakitupwi kitu.

Majuzi, nikimjengea Mzee Simbeye hapa Tunduma, nikakuta mbao za mninga stoo kwake. Nikawafokea mafundi, "Mnaacha mali ioze?" Tukazikata, tukatengeneza boksi la kumwagia zege juu ya mlango.

Mzee akaja. "Fundi, mbao nilizojiwekea za jeneza langu ziko wapi?"

Nikaonyesha juu. "Zimeshika zege, baba. Bado bichi."

"Kwa hiyo nisife kwanza?"

Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini.

Leo nina nyumba mbili, lori, shamba la kahawa Iyula, na mbao mpya nilizomnunulia Mzee kufidia zile za jeneza, ambazo yeye huja kuzikagua mwenyewe.