Mkate wa Mzee Hoshim

Kwa Daktari Ergash, hapa mjini Marg'ilon, chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo hospitali yetu. Humo majipu hupasuliwa, kucha zilizoota vibaya hung'olewa, na asubuhi mpira wenye kamera hupitishwa kinywani hadi tumboni. Kazi ya Zulayho, muuguzi wake, ni kushika vichwa vya wagonjwa na kuwaambia wavute pumzi kwa pua. Yangu ni kuosha ule mpira, kwa hiyo nawajua watu wa mji huu walichokula na uongo waliousema.

Kila mgonjwa huambiwa aje na tumbo tupu, naye huitikia. Kisha anapotoka nyumbani kwake, mlangoni mama au mke amesimama na mkate. Kwa desturi yetu, anayetoka kwa jambo zito sharti aung'ate, na unaobaki utundikwe ukutani umngoje, ndipo arudi salama. Zulayho amewakanya mpaka sauti imemkauka. Wanamjibu kwamba tonge moja si chakula. Inachosha, jamani.

Msimu huu mgonjwa alikuwa baba mkwe wa Zulayho, Mzee Hoshim, mfumaji wa hariri. Chakula kilikuwa hakikai tumboni, na suruali alikuwa akiifunga kwa kamba. Mara mbili dokta aliingiza mpira, mara mbili akakuta mkate, akamrudisha nyumbani. Zulayho aliona aibu. Yeye anayekaripia mji mzima, kwake kumemshinda! Nikamtania kwamba mganga hajigangi. Hakucheka.

Akaenda kumkabili mama mkwe wake, Bibi Oydin. Si mtu wa kubishana naye: mwanawe mkubwa aliondoka kwenda kutafuta kazi Urusi bila kung'ata mkate, na hajarudi mpaka leo. Mwishowe wakakubaliana kwamba mzee atie meno tu, alama ibaki, asimeze kitu. Asubuhi ile Zulayho aliona kwa macho yake meno yakiingia na kutoka, mkate ukatundikwa mzima. Akamleta mwenyewe.

Mpira ukaingia. Kwenye kioo tukaona mkate.

Dokta alivua glavu. Zulayho akamtoa mzee hadi kwenye benchi uani, nami nikawafuata na ndoo yangu, maana hasira zilikuwa zimenipanda pia. Mfuko wa joho la mzee ulikuwa na makombo ya mkate mwingine.

"Baba, umekula saa ngapi?"

"Ulipokuwa unavaa viatu."

"Mama mwenyewe ameridhika. Sasa nani kakulazimisha?"

Mzee aliitazama mikono yake. "Hakuna. Wakiona mkate, mwanangu, hawaoni kingine."

Nikaiweka ndoo chini. Niliwakumbuka wote walioapa mbele yangu kwamba wake zao ndio waliowalisha.

Zulayho hakumbembeleza. Aliyakusanya makombo kiganjani, akayaweka juu ya ukuta, kwa kuwa mkate hautupwi chini. Akaingia kumwomba dokta asubiri hadi jioni. Akafunga lango, akatia ufunguo kifuani, akarudi kukaa kando ya mzee.

"Tutakaa hapa mpaka tumbo liwe tupu. Na mimi sili."

"Na mkikikuta hicho kingine?"

"Tutakuwa tumekikuta, Baba. Lakini kichwa chako nitakuwa nimekishika mimi."

Njaa ilimuuma, nilimwona. Mara mbili alinikaripia bure, nami nikaendelea kuosha mpira. Jioni mzee alifungua kinywa mwenyewe. Safari hii tumbo lilikuwa safi, na kidonda kilionekana waziwazi. Dokta alinyofoa kipande kidogo cha kupelekwa kupimwa. Majibu bado tunayangoja.

Zulayho aliniambia kwamba walipofika nyumbani, Bibi Oydin aliuteremsha ule mkate wenye alama za meno, akampa mumewe. Mzee aliketi katikati yao, akaumega, akala polepole mbele ya kila mtu.