Nyufa Kwenye Mbuga ya Baba

Baba alirudi kutoka Tanzania na neno ambalo majirani zetu wa Gatete, kijiji chetu kaskazini ya mpaka, hawakulitumia: mbuga. Kwake haikuwa mbuga ya wanyama. Ilikuwa udongo mweusi wa bondeni, ule unaong'ang'ania jembe wakati wa mvua na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Huko uhamishoni alilima mpunga kwenye udongo wa namna hiyo, na alipopewa shamba karibu na ziwa alifurahi kuukuta tena. Kabla ya kufa alisema tumzike hapohapo, "kwenye udongo mzuri."

Tulimzika mvua zikiwa nyingi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea kilimo. Kaburi likichimbwa niliokota donge, nikalikanda kwa vidole. Likatoa utepe mrefu usiokatika. Nilijua maana yake: udongo huu huvimba ukilowa, ukikauka husinyaa na kupasuka, na chochote kilichojengwa juu yake husogea pamoja nao.

"Enjeniyeri," baba mdogo akaniita, "iko unapima udongo ama unasonga ugali?"

Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona haya, nikalitupa donge. Nilipanga kumwambia baadaye kwamba kaburi lisijengewe saruji. Nikaitunga sentensi, nikaibadilisha, nikahofia Mama atadhani napinga maneno ya marehemu. Wiki iliyofuata baba mdogo alilijengea, akasimamisha na msalaba wa saruji.

Mwezi wa saba mbuga ikapasuka. Mkono wangu uliingia kwenye ufa hadi kiwiko. Saruji iligawanyika vipande viwili, na msalaba ukainamia kusini, upande wa Tanzania. Zilikuwa zimebaki siku nne tuganduke, yaani tumalize kilio mbele ya ukoo wote.

Mama aliutazama msalaba kwa muda mrefu.

"Waambie wasije," akasema. "Baba yako anataka kurudi kule. Mutu hajatulia, tunamalizaje kilio chake?"

"Si Baba, Mama. Ni udongo."

Nikamweleza yote, harakaharaka, hata habari ya donge.

Alinigeukia. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukakaa kimya, mwanangu."

Mama aliinama, akaanza kusukumia udongo kwenye ufa kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtu shuka. Ulidondoka ndani, tukausikia ukigonga chini, na ufa haukujaa.

"Mvua ikirudi, nyufa zitafunga?"

"Zitafunga, Mama."

"Basi tutaganduka zikifunga."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaelekea nyumbani. Hakuuliza kuhusu kiangazi kitakachofuata. Nilimfuata nyuma, sentensi ikiwa tayari mdomoni, na hadi tunafika mlangoni sikuwa nimeisema.