Mikono ya Petkana

Petkana Uzunova hakuwa mzuri wa sura wala hakujaliwa sauti ya kuimba, lakini mikono alikuwa nayo. Mpe kola ya shati, kabla hujapiga chafya imeshashonwa, imegeuzwa, imelala mezani. Kiwanda kilipokuwa mali ya serikali, kikiitwa Mei Mosi, picha yake ilibandikwa langoni pamoja na wachapakazi bora, na kila asubuhi alipita pale akijifanya haioni. Mumewe alipofariki alilia mwezi. Picha ilipobanduliwa alilia mwaka. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila haya.

Siku hizo wafanyakazi walisomeshwa jioni. Mwalimu wa uchumi, mzee mvutaji sigara asiyeisha kikohozi, aliwaeleza kwamba chini ya ubepari mshonaji hufanya kazi asubuhi kwa ajili ya tumbo lake, na mchana kwa ajili ya mfuko wa tajiri; na tajiri akishindwa kuirefusha siku, huongeza kasi. Petkana aliyakariri yote akapata sita, alama ya juu kabisa. Zlatka, jirani yake wa dawati na wa cherehani, alipewa tatu ya huruma kwa sababu alisinzia. Hakuna aliyeamini hata neno. Mabepari walikuwa watu wa kwenye vibonzo, wanene wenye kofia ndefu, wanaoishi mbali. Hiyo ndiyo hasara ya kufundishwa ukweli na watu waliozoea kukudanganya: unautupa pamoja na uongo wao.

Serikali ile ikaanguka, kiwanda kikauzwa kwa bei ya kutupa, na bepari akaja. Kumbe hakuwa mnene. Alitoka Thesaloniki, mji wa Wagiriki ng'ambo ya mpaka, mwembamba, mwenye adabu zake, na mashati sasa yakawa yanapelekwa Ujerumani.

Halafu ukaja mwaka ule mabenki ya mbali yalipoyumba. Oda zikapungua, na mhandisi wa kiwanda, Kalchev, akatangaza kwamba atapita na saa kupima kasi ya kila cherehani, ili kiwekwe kiwango kipya cha kazi. Asiyekifikia, mlango hauna kufuli. Wakubwa wamecheza kamari huko kwao, na wa kulipa ni vidole vya wanawake wa mji mdogo chini ya milima ya Rodopi.

Wanawake wakakutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aliyesema ni Zlatka, ambaye viungo vya vidole vyake vilishaanza kuvimba na kustaafu kulikuwa karibu.

"Jamani, kesho tushone kama wagonjwa. Uzi ukatike, sindano ivunjike. Akipima, apime uvivu. Umesikia, Petkana?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Si kiziwi, shoga. Wewe unapenda sifa."

Wakacheka wote, naye akacheka, akaapa kwa mtakatifu wa jina lake.

Na kesho yake alianza vizuri. Mhandisi aliposimama nyuma yake, uzi ulikatika kama walivyopanga, ukakatika tena. Kalchev hakukasirika. Aliinama kidogo.

"Mama Petkana, nasikia zamani picha yako ilikuwa langoni."

"Zamani, mwanangu."

"Basi watu wanatia chumvi. Mimi hapa naona mshonaji wa kawaida tu. Si kosa lako, mikono nayo inazeeka."

Mguu ukakanyaga pedali. Kola ya kwanza ikatoka, ya pili ikaifuata, na za baada ya hapo zilijipanga zenyewe. Petkana alisahau kiapo, akamsahau Zlatka, akasahau hata mtu aliyesimama na saa. Alikuwa na furaha, tusimfichie. Alipoinua kichwa, cherehani zote ukumbini zilikuwa zimesimama, wenzake wanamtazama. Mhandisi akabonyeza saa yake, akasema asante. Kiwango kikawekwa kwa mikono ya Petkana.

Zlatka alijikaza. Alikuja na plasta vidoleni, akaacha kwenda msalani, akala mkate wake huku mguu uko kwenye pedali. Kiwango hakukifikia. Siku aliyoachishwa kazi, Petkana alimfuata alipokuwa akikunja aproni.

"Niliteleza, shoga. Nitakwenda kumwona mhandisi."

"Ukamwambie nini? Kwamba ulikuwa unatania?"

"Zlatka, nisamehe."

"Mimi niliyesinzia lile somo nimelielewa. Wewe uliyepata sita ulikuwa wapi?"

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Petka, yule ambaye Petkana alipewa jina lake, katikati ya Oktoba. Bibi zao hawakugusa sindano siku hiyo kwa kuogopa laana. Kiwandani sindano haijui mtakatifu. Lakini desturi ya mwenye jina kupitisha chokoleti kwa wenzake ilikuwa hai bado. Kila mtu huchukua moja na kumtakia heri, na kuikataa ni kumtemea mate. Petkana alinunua kisanduku cha zile nzuri, akaanza safu ya kwanza.

"Jino linaniuma."

"Mimi sukari imepanda."

Wa tatu hakuinua hata macho. Akazunguka ukumbi mzima. Aliyechukua ni mhandisi peke yake, tena alichukua mbili. Akamtakia heri kwa moyo mweupe, akamweleza kuwa baada ya mwaka mpya kiwango kitapandishwa, maana yeye anakifikia bila shida.

Jioni Petkana alikwenda na kisanduku chake hadi kwa Zlatka. Pilipili hoho zilikuwa zinachomwa uani kwa akiba ya majira ya baridi, na nyumba yote ilinukia. Zlatka alifungua mlango, akazitazama zile nafasi mbili tupu.

"Naona bosi ameshakula."

Hakumkaribisha ndani. Alichukua moja kwa sababu desturi ni desturi, na ilimchukua muda kuikamata kwa vidole vile. Petkana alitaka kumsaidia, akaogopa.

"Haya," akasema Zlatka. "Uwe hai, uwe mzima, Petkana. Na mikono yako isichoke kamwe."

Petkana akajibu asante, kama inavyotakiwa, na mlango ukafungwa taratibu.