Heshima ya Mlangoni

Watu wakinisifu kwamba nilimtunza baba mkwe wangu kwa heshima, natamani ardhi ipasuke inimeze. Heshima! Wangejua.

Ilikuwa wakati wa utawala wa jeshi, hapa Busia upande wa Uganda. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda Kenya akiwakimbia askari, akaniachia baba yake, mzee aliyepooza miguu. Chakula nilimwekea kwenye kigoda kando ya kitanda. Lakini kwetu mke wa mwana haoni uchi wa baba mkwe, kwa hiyo kumwogesha ilikuwa kazi ya jirani, dereva wa lori, Mwislamu mmoja mwenye roho safi. Halafu askari wakalichukua lori lake, naye akavuka.

Siku ya kwanza nikasema atapatikana mwingine. Ya pili nikasema hivyo hivyo. Ya tatu, asubuhi, mzee akaniita, "Mama, naomba maji tu. Nitaoga mwenyewe." Mama, ndivyo wazee wetu wanavyowaita wake za wana wao. Nikatia ndani ya beseni la maji kipande cha sabuni ya magendo kutoka Kenya, maana huku sabuni ilikuwa imebaki jina, kisha nikalisukuma hadi kitandani kwa mpini wa ufagio. Haki ya Mungu, kwa mpini wa ufagio, kama mtu anayemlisha mbwa mkali.

Nikiwa nimerudi mlangoni, nikasikia beseni likipinduka, kisha kishindo. Ameanguka, yuko uchi. Kutoka mlangoni hadi alipolala ni hatua nne. Shuka lilikuwa kwenye kamba, mkono wangu unalifikia. Ningemfunika, nikamwinua nimefumba macho. Sikuingia. Nikapiga kelele, "Pole baba! Ngoja nitafute mwanamume!" nikatoka mbio.

Wanaume wengi walikuwa wamejificha wasikamatwe. Nilimpata mwalimu wa kanisa jua likiwa utosini. Muda wote huo mzee alikuwa sakafuni, ndani ya uchafu wake.

Mwalimu alipokwisha kumsafisha akaanza kunigombeza. Mzee akamkatiza: "Usimseme huyu. Ana heshima sana. Hata leo hakuvunja mwiko." Maneno yakafika kisimani, nikawa mfano wa wakwe wema.

Nami nikazipokea sifa. Aibu gani hii! Mwiko ukivunjika kwetu una dawa yake: wazee wanachinja kuku, yanaisha. Kilichonizuia mlangoni hakikuwa mwiko, kilikuwa kinyaa. Nilikuwa nimebana pua kwa kanga, nikidhani mzee haoni.

Jioni nilimpelekea uji. Nikasimama kizingitini. Akanitazama.

"Jifunge kwanza ile kanga puani, mama, ndipo uingie. Harufu bado haijatoka."

Alisema kwa upole, bila kinyongo chochote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaifunga.